Beseni la Prof Mukendi

Kwenye kilio cha Prof Mukendi walinipa soksi. Soksi moja tu, ya sufu, ya kijivu, kisigino kimeshonwa kwa uzi mweusi, na ndani yake kipande cha kioo kizito chenye urefu wa kidole. "Aliacha neno, ni ya weye," mchungaji aliniambia, akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya. Sisi wanafunzi wake wa zamani tulikuwa tumejaa uani kwake hapa Butembo, wengine wana mvi, wengine wana vitambi, tunakula wali na maharage kwenye sahani za plastiki na kupiga kelele za watu wasioonana miaka mingi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya sufuria kubwa, najifanya napakua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejificha. Kwenye mkeka, karibu na ukuta, alikaa mama ya Kambale, mwenzetu wa darasa, mzee sasa, mguu mmoja umevimba, na alikuwa ananiangalia. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Nimegombana na wakuu wa shule wanne na wakaguzi wasiohesabika, na sijawahi kumwogopa hata mmoja. Yule mama namwogopa. Tangu avikimbie vita vya kaskazini na kuja kukaa mjini kwetu, kila nikimwona sokoni nageuza njia, hata kama kapu langu halijajaa.

Basi niseme ya mwaka ule. Nilikuwa na miaka kumi na minane, niko mwaka wa sita wa sekondari, darasa la sayansi, katika shule ya kanisa kule mlimani. Ilikuwa vita ya pili. Ya kwanza ilipita juu yetu haraka kama mvua ya mawe. Hii ya pili ilikuja ikakaa. Baba na mama niwaache, habari zao si za hapa. Niliishi kwa Tantine, dada ya baba yangu, mjane, mshonaji, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, mtu wa kusema neno moja pale wengine wanaposema kumi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu, jiko la mbao nyuma, na kando ya jiko chumba kimoja kidogo. Humo ndimo alimokaa Prof Mukendi. Prof alikuwa mtu wa Kasai. Serikali ilimleta kwetu kufundisha kabla ya vita, akamwacha mke na watoto huko kwao, akisema watamfuata likizo kubwa. Kisha nchi ikakatwa vipande viwili, yeye akabaki kipande hiki, wao kile. Hakuna barua iliyovuka. Baridi ya Butembo ilimtesa. Ukungu wa asubuhi ulimkuta amevaa sweta mbili na skafu, na Tantine, bila kuulizwa, akamfumia soksi za sufu za kijivu. Bugali yake ya muhogo aliichanganya na unga wa mahindi. "Mutu wa Kasai bila mahindi anakondaka," alisema, na huo ndio urefu wa hotuba zake.

Kati ya jiko na chumba cha Prof palikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana, kwa hiyo mengi ya mwaka ule niliyasikia nikiwa nimeinama nachambua maharage. Nilisikia redio yake ikitafuta stesheni, ikikoroma, ikitaja miji, na mji wake haukutajwa hata siku moja. Nilisikia anapiga hesabu kwa sauti, nusu Kifaransa, nusu Kiluba. Na mara nyingi nilisikia sauti ya Kambale, maana Kambale alikuwa anatoka shule anapitia moja kwa moja kwenye kile chumba na maswali yake. Darasani tulikuwa na akina Kambale watano. Kwetu mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, upende usipende. Huyu wetu tulimwita Kambale Juu ya Nini, kwa sababu sentensi zake zote zilianza hivyo. Alikuwa wa Eringeti, kwenye njia ya Ituri. Alilala bwenini, lakini bweni lilikuwa limebaki bila chakula, kwa hiyo mchana alikula kwetu. Alikula polepole, mkono mmoja, mwingine unaandika mezani kwa maji. Mtaniuliza kama nilimpenda. Nilimpenda sana, na sikumwambia, nikaona bora nimchekeshe.

Maabara ya shule ilikuwa imebebwa yote na askari waliopita. Walichukua hata mizani, sijui walikwenda kupima nini. Kilichosalia ni kile kipande cha kioo, kwa sababu Prof alikitia ndani ya soksi na soksi akaivaa. Siku aliyoanza kutufundisha habari za mwanga kupinda, alikuja darasani na beseni la Tantine la kunawia, jeupe lenye mdomo wa bluu, na sarafu ya zamani ya Zaire isiyonunua tena hata kiberiti. Akaiweka ndani ya beseni, akamwambia Kambale arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka sarafu ijifiche nyuma ya ukingo. "Unaiona?" "Hapana, Prof." "Simama pale pale. Hapana jongea." Akamimina maji taratibu. Tuliona uso wa Kambale ukifunguka. "Imepanda! Prof, feza imepanda!" Prof akacheka, na Prof hakuwa mtu wa kucheka. "Haikupanda. Iko paka pale pale. Mwangaza njo inapinda ikitoka mu mayi, donc, kwa hiyo, jicho yako inadanganywa." Kambale alikwenda akatia mkono hadi chini, akaigusa sarafu, akarudi nyuma, akaangalia tena. Alifanya hivyo mara tatu, darasa zima linapiga kelele.

Wiki iliyofuata tulipima kwa kioo chenyewe. Unaweka kioo juu ya karatasi, unachomeka pini mbili upande huu, unachungulia upande wa pili, unachomeka nyingine mbili mpaka zote nne zionekane zimejipanga mstari mmoja. Halafu unaondoa kioo, unachora, unapima pembe. Pini tuliazima kwenye kikopo cha kushonea cha Tantine. Mimi na Kambale tulifanya pamoja, vichwa vinagusana, tukapata moja na nukta tatu. Prof akatazama daftari letu kwa miwani yake iliyofungwa uzi. "Mumepima vibaya. Ile ya kioo ni karibu moja na nusu. Kioo haibadilishaka akili. Murudilie." Tulirudia, na kweli, pini moja ilikuwa imelala upande. Tulipata moja na nusu. Nilikuwa na furaha siku ile ambayo nikiwaeleza wanafunzi wangu leo wananiangalia kama mgonjwa. Nje ya dirisha askari walikuwa wanapita na mbuzi wa watu, na sisi ndani tumepata moja na nusu.

"Juu ya nini inapinda?" Kambale aliuliza. Na Prof akajibu jibu ambalo ningetamani asingelijibu vizuri vile. Mwanga, alisema, una mbio kuliko vitu vyote duniani, kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Lakini ukiingia ndani ya maji unapunguza mbio, na kwa kuwa umeingia kiubavu, unapinda.

Siku hiyo hiyo, mchana, mezani, Tantine alikuwa na mgeni aliyetoka upande wa Mabalako kuuza mafuta ya mawese. Alituhadithia habari za vijana walioingia msituni, wale tuliowaita batu ba mayi, watu wa maji. Docteur wao, mganga, anawanyunyizia maji ya dawa, na risasi zikiwajia zinapinda, zinapita pembeni. Ila kuna masharti. Wasiguswe na mwanamke, wasile sombe, yale majani ya muhogo, wasichukue kitu cha mtu. Aliyekufa, basi alivunja sharti. Prof aliguna tu, "Histoires. Hadithi tu." Na mimi, Kavira, mwenye mdomo, nikaona nafasi ya kumchekesha Kambale. Nikasimama, nikakamata mwiko kama chaki, nikaigiza sauti ya Prof: "Donc! Mwangaza iko na mbio kuliko bintu byote, na mayi inaipinda. Sasa sasi, kale kantu kadogo kanatembea polepole, mayi itashindwa kukapinda? C'est logique!" Mgeni alicheka hadi akapaliwa. Prof naye alitabasamu. Tantine akasema, "Kavira, mudomo inaponzaka kichwa." Kambale hakucheka. Alikuwa ameacha kula.

Kesho yake darasani alinyoosha mkono. "Prof, sasi iko na mbio ngapi?" Prof alipenda swali lenye namba. Hakuuliza linatoka wapi. Akageukia ubao, akasema tuseme mita mia saba kwa sekunde, akagawa, chaki inalia, akapigia mstari jibu: mwanga una mbio kuliko risasi zaidi ya mara laki nne. "Voilà," alisema, akapangusa mikono. Kambale aliandika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, naona kalamu inakwenda, na sikushtuka hata kidogo, nilikuwa nawaza kama kola yake inahitaji kushonwa.

Habari za Eringeti zilifika mvua zilipoanza. Askari walipanda kule, nyumba zilichomwa, baba yake Kambale aliuawa ndani ya shamba lake la kahawa, mama na dada zake wakakimbilia msituni, na hakuna aliyejua msitu gani. Aliyeleta habari alizisema kwenye mlango wa jiko letu, Kambale amekaa ndani na sahani mbele yake. Tantine alimshika kichwa akakilaza tumboni kwake, akaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisa wa Kinande, na Kambale akakubali kushikwa, macho makavu. Siku tatu hakuuliza swali lolote. Siku ya nne hakuja kula. Kitanda chake bwenini kilikuwa kimetandikwa, na juu ya meza yetu tulikuta daftari lake la fizikia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na hesabu ya Prof, imenakiliwa vizuri, mara laki nne, imepigiwa mistari miwili. Chini yake aliandika maneno yangu, yale ya mwiko, neno kwa neno, bila mzaha ndani yake. Prof alisoma akiwa amesimama. Akaketi. Baadaye, kupitia ule ukuta, nilimsikia anarudia ile hesabu, anagawa tena na tena, kama mtu anayetumaini safari hii namba itatoka tofauti. Nami nilikuwa na kisu mkononi na kabichi mbele yangu, na sikujua nifanye nini na kimoja wala kingine.

Wakati wa Pasaka mjomba wa Kambale, aliyekuwa mlinzi wa kanisa moja kule Beni, alituma neno kwamba kijana anafika kwake kila Jumamosi kuchukua chumvi ya wenzake wa msituni. Tantine akaamua twende. Alikuwa na kabichi na vitunguu vya poro vya kuuza, hiyo ndiyo sababu tungewapa askari. Prof akasema naye anakwenda. "Prof, na ile sauti yako ya Kasai? Batakufunga," Tantine alimwambia. "Miye njo nilimufundisha," alisema, na akaenda kuomba beseni. Tulipanda kamiyo ya mizigo, sisi juu ya magunia, yeye amelipakata beseni kama mtoto. Kwenye kizuizi cha Kalunguta walitushusha wote. Kijana mwenye bunduki alimpapasa Prof, akakuta uvimbe kwenye soksi, akamvua kiatu. "Yaka awa! Mutu wa Kasai na diama!" Wakaja wengine mbio. Prof, mguu mmoja umevaa na mwingine mtupu juu ya matope, akasema kwa upole kwamba almasi yenye ukubwa ule ingekuwa imeshanunua vita yote hii. Yule kijana hakuamini, akachomoa kisu cha bunduki, akakikwaruza kioo. Mkwaruzo ulibaki. Almasi haikwaruziki na chuma, kila mtu anajua hata askari, kwa hiyo wakanuna. Ndipo Prof akakiweka juu ya kibali chake cha safari, akamwita kijana achungulie. Herufi zilionekana zimepanda, zimekaa juu ya karatasi. "Eh!" alisema kijana. Akawaita wenzake, wakachungulia mmoja mmoja, wakisukumana, bunduki zinagongana. Walikuwa watoto. Wakatuachia, na kabichi sita tu walichukua.

Kambale alikuja saa tatu asubuhi, uani kwa mjomba wake, nyuma ya kanisa. Alikuwa amekonda, amefunga kamba ya majani kwenye mkono wa kushoto, na macho yake yalikuwa yale yale. Alimwamkia Prof kwa heshima, akamwamkia Tantine akiwa mbali, na mimi akanionyesha kiganja, simama hapo. Tantine alikuwa amemletea sombe, chakula alichokipenda kuliko vyote, bila kukumbuka lile sharti. Alitazama sufuria muda mrefu, akasema, "Wasingya, aksanti Tantine, hapana," akatoa mfukoni ndizi aliyoichoma mwenyewe, akala hiyo. Prof hakupoteza wakati. Alijaza beseni maji, akatupa sarafu ndani, akampa kokoto. "Tupa. Na nguvu yako yote." Kambale alitupa. Maji yaliruka yakatulowesha, na kokoto ikagonga chini, ikang'oa rangi nyeupe ya beseni mahali pakubwa kama kucha. "Umeona?" Prof alisema. "Sasi haipunguze mbio mbele ya mayi ile iko ku ngozi yako. Na hata mwangaza, Kambale, sikia, hata mwangaza yenyewe inapinda, mais inafika. Inapinda, lakini inafikaka chini. Mayi haijawahi kuirudisha. Njo nilisahau kubaambia hivyo."

Nilifikiri imekwisha. Nilimwona Kambale anafikiri, nilimjua akifikiri, mdomo unachezacheza. Kisha akasema, bila hasira, kama vile yuko darasani: "Prof, ile siku miye na Kavira tulipata moja na nukta tatu. Ulisema kioo iko mubaya?" "Hapana. Nilisema mulipima vibaya." "Njo vile. Docteur naye anasema vile. Mutu akikufa, mayi haiko mubaya. Alipima vibaya." Prof, mtu mzima, mwenye diploma, amesafiri juu ya magunia na beseni, alisimama pale maji yanamdondoka kwenye skafu. Jibu lilinijia baada ya miaka kumi na moja, naosha vyombo: kwamba sisi tulirudia, na tulipokosea tulibaki hai kuijua pini iliyolala, na kwamba kama darasa zima lingepata moja na nukta tatu, Prof angeifuta namba yake ubaoni, lakini docteur hakuna siku atafuta yake, hata wafe wote. Ni jibu zuri. Nawapa wanafunzi kila mwaka. Niliacha vyombo kwenye maji siku ile nikakaa chini sakafuni nikalia, maana nani sasa wa kumpa?

Alibeba gunia lake la chumvi. Tantine alimwomba asubiri, mama yake anaweza kupatikana, kanisa linatafuta. "Njo naenda kumutafuta," alisema. Alipopita karibu nami kuelekea kwenye lango nilimshika. Sikupanga. Nilimshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wangu wa kulia, nikasema mbio mbio, "Kambale, ile nilisemaka na mwiko ilikuwa muchezo. Nilitaka ucheke. Hakuna kingine. Baki." Aliniangalia. Niliona mshipa wa shingo unapiga. Hakuuchomoa mkono mara moja, hilo nalijua, nimelihesabu usiku na mchana, alikaa nao kidogo. Halafu akautoa. "Kavira," alisema, "unanigusa juu ya nini?" Likawa swali lake la mwisho kwangu. Alikwenda kwenye lile beseni, akanawa mkono hadi kiwiko, akachukua gunia, akatoka. Tantine akasema peke yake, "Sikio ya kufa haisikiaka dawa," kisha akajifunika uso na kitenge, kwa sababu alikuwa amesema neno kufa.

Haikupita hata miezi miwili. Walipigana upande wa Mabalako, na wenzake wakamzika huko huko, ndani ya msitu, siku hiyo hiyo. Habari ilifika na sababu yake imeshafungwa pamoja nayo: risasi zilimpata kwa kuwa mutoto mukali, msichana, alimugusa mukono kule Beni. Siamini. Siamini leo, sikuamini siku ile. Nilijua uzito wa risasi, nilijua maji ni nini. Lakini jaribu wewe kukaa na jambo usiloliamini mwaka hadi mwaka, uone kama linaondoka kwa kuwa huliamini. Nikisema si mkono wangu uliomwua, basi ni mdomo wangu; nikiuondolea mdomo, mkono unarudi. Kwenye mtihani wa Serikali, karatasi zilizovuka mstari wa vita kwa ndege, kulikuwa na swali la mwanga kuingia kwenye kioo. Nilijibu kabla sijamaliza kulisoma. Nilikuwa na hasira nalo.

Prof hakurudi Kasai. Vita ilipokwisha, barabara zikafunguka, wote tukasubiri afunge mizigo, yeye akaenda kununua chaki. Sikumwuliza. Tuliendelea kufanya kazi shule moja, mimi na yeye, na jina la Kambale hatukulitaja. Ila kila mwaka alipofanya ule mchezo wa sarafu, kwenye beseni lile lile lenye kovu, darasa likipiga kelele kwa furaha, alikuwa anasema polepole, "Inapinda, mais inafika. Muandike hiyo." Waliandika. Hawakujua ni ya nini.

Kwa hiyo nilikuwa nyuma ya sufuria, na soksi mkononi, nikipakua wali ambao hakuna aliyeuomba. Sikumwona akiinuka. Nilisikia fimbo. "Kavira, acha. Bisahani bimejaa," mama ya Kambale alisema. Akajikalisha kwenye benchi la jikoni, akapiga mbao kwa kiganja: kaa. Nikakaa. Miaka yote ile nilikuwa nimemwandalia maelezo, marefu, yenye hatua, yenye pini na beseni na mara laki nne, na la mwiko pia, maana, Tantine akiwa ameshakufa, hilo halijui mtu aliye hai ila mimi. "Balinielezaka mutoto mukali mumoja alimugusa mwana wangu," alisema. "Prof hakukubali kuniambia ni nani. Kila mwaka nilimuuliza, alikuwa analeta chumvi kwangu na ananyamaza. Ni weye?"

"Ni miye, mama."

"Na mukono gani?"

Niliunyoosha wa kulia. Ulikuwa unanuka maharage. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akautazama juu na chini, na nikafumba macho nikingoja chochote kitakachokuja, kofi au laana, nikikubali vyote.

"Alitoka kwangu mudogo, kuenda kusoma," alisema. "Sikumushika tena. Balimuzika bila miye." Kidole chake gumba kilikuwa kinapita juu ya kiganja changu, kinakwenda na kurudi. "Ile siku, Kavira. Mukono yake ilikuwa na joto?"

"Ndiyo, mama," nilisema. "Ilikuwa na joto."